Wosia wa Chai

Babu yangu alipookoka, wazee wa kijiji waliomboleza kimoyomoyo. Chungu chake cha pombe ya ndizi, ambacho miaka yote kilikaa katikati ya ua huku mirija imesimama ndani yake kama matete ya bondeni, kilisogezwa pembeni kikawa cha maji ya kuku. Wazee walikuwa wakipita, wanawaona kuku wanainamisha vichwa na kuviinua, wanatikisa vya kwao na kuendelea na safari.

"Kuku wa mlokole wana bahati," alisema mmoja. "Wanakunywa mahali tulipokuwa tunakunywa sisi."

Mtu wa mbali anaweza kudhani lilikuwa jambo la tumbo tu. Sivyo. Kwetu huku milimani, kati ya Kasulu na Kibondo, neno zito halikusemwa koo likiwa kavu. Mahari, mpaka wa shamba, ng'ombe anayekabidhiwa mtu amtunze, yote yalisemwa watu wamekizunguka chungu. Miaka ikipita ukazuka ubishi, hukuuliza nani aliandika. Uliuliza nani alikunywa. Waliokunywa ndio mashahidi. Asiyekunywa, hata kama alisimama pale pale na masikio yake yote mawili, alikuwa mpita njia.

Mimi wakati huo nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya sekondari. Niliishi kwa babu, namsaidia kazi, na kichwani nasoma taarifa ya habari. Nilitaka kuwa mtangazaji wa redio. Nikipalilia maharage nilikuwa nikitangaza kwa sauti ya chini: "Na sasa palizi. Magugu yameendelea kurudi nyuma katika eneo la mashariki." Shangazi yangu, niliyelima naye, ndiye alikuwa msikilizaji wangu wa pekee, na hakuwahi hata siku moja kuizima redio hiyo.

Shangazi alikuwa kitinda mimba wa babu. Aliolewa upande wa Muyama, akakaa huko, hakujaliwa mtoto, na mume akamrudisha na sanduku lake la bati kama mtu anayerudisha jembe la kuazima. Babu alimpokea bila kuuliza. Alimpa nyumba ndogo ya juu na migomba iliyoizunguka. Shangazi aliipenda ile migomba kama mtu ambaye ndiyo kwanza anapewa kitu maishani. Aliipunguzia majani makavu, aliibebea samadi kichwani, na mikungu ilipoielemea aliitegemeza kwa miti, akiisemesha: "Simama, mama, simama, karibu utajifungua."

Basi babu akaanza kukohoa, kifua kikakataa kutulia. Siku moja akasema anataka kuacha maneno yake. Baba mkubwa, ambaye ndiye mwanawe wa kwanza, akajibu vizuri, atavundika ndizi kesho, zikiiva zitakamuliwa, na pombe ikiwa tayari wazee wataitwa.

"Usivundike kitu," babu akasema. "Nitawapa chai."

"Chai, baba?"

"Ya sukari."

Mwaka ule sukari ilikuwa adimu kuliko mvua ya kiangazi. Ikifika duka la ushirika, watu walipanga mstari kabla majogoo hayajaamka. Babu alikuwa na yake ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda, akiiongeza kijiko kwa kijiko, na sisi humo ndani tunakunywa uji wa chumvi. Tulidhani ni uchoyo wa uzee. Kumbe mzee alikuwa anajiwekea akiba ya kufia.

Siku ilipofika walikuja wazee wawili wa ukoo, balozi wa nyumba kumi, baba mkubwa, baba yangu, na mzee mmoja ambaye hakuwa wa ukoo wetu. Huyu tulimwita Jirani tu, kana kwamba mama yake alimpa jina hilo. Yeye na babu walianza kunywa pamoja kabla hawajaota ndevu, na habari za babu kuokoka yeye ndiye alikuwa wa mwisho kuziamini. Nikapika chai. Vikombe havikutosha, ikabidi wachangie wawili wawili: wazee wa ukoo chao, baba na balozi chao, Jirani na baba mkubwa chao. Shangazi alikaa kizingitini akichambua mchicha uliokwisha chambuliwa.

Babu aliomba, watu wakaitikia amina, kisha akasema maneno yake. Ng'ombe ni wa baba mkubwa. Kahawa ni ya baba yangu. Halafu akanyoosha mkono kuelekea juu, kwenye ile nyumba ndogo.

"Ile nyumba na migomba yake ni ya binti yangu. Lakini nikiiweka mkononi mwake, kesho mtasema mwanamke hana mkono. Kwa hiyo naiweka mkononi mwa Jirani iwe amana, kama ng'ombe wa kutunza. Jirani ataishika, binti yangu ataila. Haiuzwi, haigawanywi, na ndizi zake hazitakuwa pombe. Binti yangu akifa, Jirani, au atakayeshika baada yake, ataitoa kwa mtoto yeyote wa nyumba hii ambaye alikuwa akimchotea maji."

Jirani alimgeukia. "Hazitakuwa pombe?"

"Hazitakuwa."

"Na ukaona unichague mimi."

"Wewe unazijua ndizi za pombe kwa sura, hata gizani. Nani ataweza kukuibia?"

Mimi nilicheka nikiwa jikoni. Wazee hawakucheka. Walikuwa wameshika vikombe kwa vidole viwili kama watu walioshikishwa kifaranga, na macho yao yanakuja na kurudi kwenye mlango wa jiko. Baadaye, nikikusanya vikombe, mzee mmoja aliniinamia akaninong'oneza.

"Mjukuu wangu, na ile nyingine iko wapi?"

"Ipi, babu?"

"Ile ya kuongelea."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa lenyewe, ingawa siku ile hatukulijua. Wazee walidhani chai ni ya maombi. Walikuwa wanasubiri pombe ije, ndipo masikio yao yafunguke.

Babu hakukaa sana baada ya hapo. Tulimzika, tukalia, tukaimba nyimbo zake za kanisani. Matanga yalipokwisha, baba mkubwa alisimama mbele ya ukoo akasema marehemu hakuacha wosia. Kwamba kulikuwa na chai na maombi, hilo hakatai. Lakini wosia haujapata kunywewa kikombeni. Kwa hiyo mali yote inarudi kwa desturi, na desturi inasema migomba ya babu isimamiwe na mwana wa kwanza. Dada yake atapewa kachumba nyuma ya jiko lake, hadi hapo Muyama watakapomtaka tena.

"Muyama," shangazi alirudia polepole, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Jioni ile nilimkuta amelivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Hakuwa anapanga kitu. Amelikalia tu, anaangalia nje kwenye migomba yake. Nikajaribu redio: "Na sasa hali ya hewa." Hakujibu. Nikajua mambo ni mazito, nikakaa karibu yake juu ya sanduku, nalo likalia kwa uzito wetu.

Asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono, tukashuka hadi mahakama ya mwanzo kufungua kesi, tukapangiwa siku ya kusikilizwa.

Hakimu alikuwa kijana wa pwani aliyeletwa huku na serikali, mwembamba, anavaa sweta mbili, na Kiswahili chake kilikuwa laini hadi wazee walimsikiliza kama watu wanaosikiliza kinanda. Pande zake mbili waliketi wazee wa baraza, wenyeji wetu, ambao kwa mujibu wa sheria walikuwa wanaamua pamoja naye. Siku hiyo baba mkubwa alikuja na uso wa mtu aliyejiandaa. Na kweli alijiandaa: jana yake alikuwa ametoa pombe iliyoiva, akawaita mashahidi wote.

Aliposimama, alisema jambo lake kwa kujiamini. "Ndugu hakimu, huku kwetu neno lisilonywewa halina miguu. Halifiki popote."

Hakimu akamtazama. "Mimi tangu nizaliwe sijaonja pombe. Nilipooa tulikunywa sharubati. Sasa yule aliye nyumbani kwangu si mke?"

Mzee mmoja wa baraza akajibu kwa upole. "Kwenu huko ni mke, ndugu hakimu. Huku angekuwa mgeni tu."

Watu wakacheka, hakimu naye akacheka, kisha akaweka kalamu chini. "Sikilizeni. Sheria haiulizi mlikunywa nini. Inauliza mlisikia nini. Wosia wa mdomo unahitaji watu waliousikia, wa ukoo na wasio wa ukoo. Wakiwa walisikia, hata kama walikunywa maji ya kisima, wosia upo. Haya, waje."

Moyo wangu ukaruka, nikamfinya shangazi. Mapema mno. Mzee wa kwanza wa ukoo alikuja, akaulizwa alisikia nini.

"Nilisikia habari za shamba."

"Shamba lipi?"

"Shamba ni shamba, ndugu hakimu."

Wa pili alikumbuka maombi yalikuwa marefu. Balozi alikumbuka sukari. Aliisifu, akaeleza jinsi ilivyokuwa nyeupe, hakimu akamzuia. Baba yangu alisema alisikia kila neno, lakini baba mkubwa akainuka: huyu amepewa kahawa katika wosia huo huo, atausemaje vibaya? Mimi nikasema nilisikia kila neno nikiwa jikoni. Akainuka tena: huyu ni mtoto wa huyo.

Akaitwa Jirani.

"Jana ulikunywa pombe ya mdaiwa?" hakimu akauliza, akimwonyesha baba mkubwa.

"Nilikunywa."

"Alikuambia nini?"

"Aliniambia karibu."

"Na wewe?"

"Nikamwambia asante. Ilikuwa nzuri, hakuikosea. Lakini na chai pia nilikunywa, na niliyoyasikia kwenye chai siwezi kuyatapika kwa sababu ya pombe." Akayasema maneno ya babu yote, tangu ng'ombe hadi maji ya kuchota.

Baba mkubwa akainuka kwa mara ya tatu. "Ndugu hakimu, huyu ndiye anayetaka kushika shamba. Atakosaje kukumbuka?"

Hakimu alimuuliza Jirani yeye atapata faida gani. Jirani akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Nimepewa nilinde ndizi nisizoruhusiwa kunywa. Kama hiyo ni faida, anipokee yeye."

"Amana hiyo ni kitu cha namna gani?"

Mzee wa baraza akamsaidia. "Ni kama ng'ombe wa kutunziwa, ndugu hakimu. Mtu anakupa ng'ombe wake ukae naye. Unamlisha, unamfukuzia chui. Lakini hata akilala mlangoni kwako miaka yote, ukiulizwa wa nani, humtaji mwingine ila mwenyewe."

Hakimu akaandika, akasema amelielewa, tena ni jambo zuri. Ila hana hata shahidi mmoja asiye na lake ndani ya wosia anayeyakumbuka maneno hayo. Atakuja mwenyewe kuliona shamba, na mashahidi wote wawepo, wakae pale pale walipokuwa wamekaa. Huenda mahali pakawakumbusha.

Tukirudi njiani nilimwambia shangazi: mahali peke yake hapatoshi, tuwape na chai. Akasema na sukari je? Kopo la babu lilikuwa tupu. Nilikuwa nimekwisha lilamba mimi mwenyewe, kwa huzuni. Nikapanda lori la mahindi hadi Kibondo kwa mama mdogo, ambaye mumewe alikuwa mganga hospitalini na hakukosa mgao wa sukari. Mama mdogo alisikiliza kesi yote akiwa amejishika kiuno.

"Yaani nyie mnashitakiana kwa ajili ya chai?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nyumba ile imeendelea." Akaingia ndani, akatoka na sukari imefungwa kwenye pindo la kanga, akanionya nisiilalie kwenye lori ikayeyuka kwa jasho.

Siku hakimu alipokuja kulikuwa na ukungu, na alikuwa ameongeza sweta ya tatu. Jirani alimtembeza kwenye migomba, akimtajia kila mmoja sifa zake. Kisha watu wakaketi uani kama siku ile. Nilipotoka na sinia, baba mkubwa akapinga: hiyo ni rushwa. Hakimu akasema yeye hatakunywa. Ila mashahidi ni wazee na kuna baridi. Nikawapa vile vile vikombe, wawili wawili, kwa mpangilio ule ule. Shangazi akakaa kizingitini na mchicha wake.

Walikunywa. Nilisikia tu wanavyopuliza mvuke. Halafu yule mzee wa kwanza, wa shamba ni shamba, akainua kichwa ghafla akatazama mlango wa jiko.

"Ngoja," akasema. "Niligeuka hivi. Nilikuwa nimekaa hapa, nikageuka hivi, kwa sababu marehemu alitaja pombe."

"Alisemaje?" hakimu akauliza.

"Nilidhani inaletwa. Kumbe alisema ndizi za yule," akamwonyesha shangazi, "hazitakuwa pombe. Nikarudisha shingo kwa masikitiko. Hii shingo ndiyo shahidi wangu."

"Kweli," mwenzake akaingilia, "na mimi niligeuka. Tukagongana vichwa. Alikuwa amenyoosha mkono kule juu. Akasema mwanamke hana mkono, akampa Jirani ashike. Nikawaza moyoni, masikini Jirani."

Balozi naye akafunguka. Maji ya kuchota aliyakumbuka vizuri, maana alijiuliza kama wajukuu wa nyumba hii wanajua hata njia ya kisimani. Maneno yalianza kuja yenyewe, huyu akiangusha, yule akiokota, na hakimu anaandika hadi anapuliza vidole.

Baba mkubwa alikuwa ameinamisha uso. Alikuwa ameshika kikombe alichochangia na Jirani, na amekishika muda mrefu.

"Na wewe nikukumbushe?" Jirani akamuuliza, bila ukali. "Baba yako alipomaliza, alikutazama. Ukasema, 'Nimesikia, baba.' Kisha ukainua kikombe ukanywa ile sukari iliyokuwa imelala chini. Yote. Ilikuwa zamu yangu."

Baba mkubwa akakitazama kikombe ndani. Chini kulikuwa na sukari imelala, maana mimi sikukoroga vizuri, wala siku ile ya kwanza sikukoroga vizuri. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kisha nikaona anacheka, kisha sikuweza kutofautisha. Akampa Jirani kikombe.

"Chukua," akasema. "Nilisema. Nimesikia, nilisema."

Hukumu ilisomwa baadaye mahakamani, wazee wa baraza wote wawili wakikubaliana na hakimu: wosia upo, na shamba ni amana mikononi mwa Jirani kwa ajili ya shangazi, kama marehemu alivyosema, hadi kwenye lile neno la maji. Shangazi alirudi nyumbani akalisukuma sanduku chini ya kitanda kwa mguu. Kwa mguu tu, hakuinama.

Lakini babu hakuwa mjinga. Lile neno la maji, likishasomwa na serikali, lilifanya kazi kuliko mahubiri. Watoto wa nyumba hii, ambao zamani ukiwatuma kisimani wanaumwa tumbo, walianza kupanga mstari kwa shangazi na ndoo na vibuyu. Binamu zangu walikutana mlangoni na kusukumana. Mitungi ilijaa, sufuria zikajaa, hata kile chungu cha kuku kikafurika, na kuku walikunywa wakashindwa. Jirani alikuwa akisimama kwenye migomba, amejiegemeza kwenye mkungu wa ndizi za pombe ulioiva vizuri, anahema kwa huzuni, na kuangalia nani kaleta.

"Na sasa taarifa ya maji," nilimtangazia shangazi. "Mafuriko yanaendelea."

"Ongeza sauti," shangazi akasema.

Mtu ambaye hatukumtegemea alikuja jioni moja, ndoo begani, amelowa upande mzima kwa sababu hakuwa amezoea kubeba. Baba mkubwa. Aliitua ndoo mlangoni, akaangalia paa kama fundi.

"Mitungi imejaa, kaka," shangazi alimwambia.

"Basi mwaga."

"Maji hayamwagwi. Kaa."

Akakaa kizingitini. Baada ya muda akasema, akiangalia chini, "Baba alipoacha pombe aliniacha na mimi. Mimi na yeye tulikuwa tunaongea pale tu."

"Mngeongea kwenye chai."

"Chai inaisha upesi."

Shangazi alichukua ndoo ile ile aliyoileta kaka yake, akamimina maji kwenye sufuria, akaweka motoni. Sukari hatukuwa nayo, na kuni zilikuwa mbichi, zinatoa moshi tu.

"Itachelewa kuchemka," akamwonya.

"Si kitu," baba mkubwa akasema, akanyoosha miguu.

Jirani akajitokeza kwenye migomba, akamkazia macho.

"Huyu aliyeleta maji ni nani? Mimi nimeambiwa watoto wa nyumba hii."

"Ni mtoto," shangazi akasema, akipuliza moto.

"Basi namhesabu," Jirani akasema, akarudi kwenye ndizi zake.